Msuko Kwanza, Fundo Baadaye

Mtu atazamapo kwa mara ya kwanza ukurasa wa nakshi katika Kitabu cha Kells, kilichohifadhiwa katika maktaba ya Trinity College mjini Dublin, na jicho lake likajaribu kuandama ukanda mmoja mwembamba unaopita juu ya mwenziwe, ukazama chini ya wa tatu, ukajipinda pembeni na kurejea ulikotoka bila ya kuonyesha mwanzo wala mwisho, aghalabu hufikia moja ya hukumu mbili: ama kwamba kazi ile ilitendwa na watu waliojaliwa kipaji ambacho yeye kanyimwa, ama kwamba palikuwa na siri iliyozikwa pamoja na wenyewe. Hayuko peke yake katika dhana hiyo. Giraldus wa Wales, kasisi aliyezuru Ayalandi katika karne ya 12 na kuonyeshwa huko Kildare kitabu cha Injili chenye nakshi za aina hii, aliandika kwamba mwenye kukitazama kwa makini angeweza kudhani ni kazi ya malaika, si ya mwanadamu.

Kwa heshima yote anayostahili kasisi huyo, kazi ile ilikuwa ya wanadamu, tena wanadamu wenye rula, bikari na subira, na kanuni waliyoifuata ni sahali kiasi cha mtoto wa darasa la tano kuifahamu katika alasiri moja. Kinachowashinda wengi si ulegevu wa mkono, bali ni mahali wanapoanzia. Huchukua picha ya fundo lililokwisha kamilika, wakajaribu kulinakili kwa macho mstari baada ya mstari, na wafikapo katikati hupotea, kwa kuwa wanachonakili ni matokeo na sababu yake hawaijui. Nami namshauri kila atakaye kuifanya fani hii kuwa burudani ya saa zake za faragha aache mafundo kabisa mwanzoni, ajifunze msuko mtupu usio na pambo lolote, kisha ajifunze kuuvunja msuko huo kwa makusudi. Fundo la Kikelti ni msuko uliovunjwa mahali panapostahili.

Nakshi hizi huitwa za Kikelti kwa mazoea, na mazoea hayo hayana dhara, maadamu msomaji anajua kwamba kanda zilizosukana hazikuzaliwa Ayalandi. Waroma walizitandaza katika sakafu zao za vijiwe, Wakibti wa Misri walizitia katika vitabu vyao, na makabila ya Kijerumani yalipenda kuwasokota wanyama wakawa kamba. Wakelti wenyewe, kabla ya kuipokea dini ya Kikristo, walikuwa mabingwa wa duara zinazojizonga, si wa misuko. Mapokeo hayo yalikutana katika nyumba za watawa za Ayalandi, za Uskoti na za Northumbria, kaskazini ya Uingereza, baina ya karne ya 7 na ya 9. Na huko ndiko vilikoandikwa Kitabu cha Durrow, kisha Injili za Lindisfarne, ambazo mapokeo huzinasibisha na askofu Eadfrith aliyefariki mwaka 721, na hatimaye Kitabu cha Kells, karibu na mwaka 800. Haukuwa wakati wa raha. Lindisfarne ilivamiwa na maharamia wa Kiviking mwaka 793, na mwaka 806 watawa 68 wa kisiwa cha Iona waliuawa katika shambulio moja; na wengi huamini kwamba Kitabu cha Kells, au sehemu yake, kilianzwa Iona kabla ya kukimbiziwa Ayalandi. Ajionaye hana utulivu wa kutosha kuchora na awakumbuke watu hao.

Kabla ya kushika penseli ni wajibu kuondoa upuuzi mmoja. Katika maduka ya kumbukumbu za wasafiri huko Dublin na Edinburgh, na katika vitabu vingi vyepesi, msomaji atakuta majedwali yanayomwambia kwamba fundo hili ni la mapenzi, lile la ujasiri, la tatu la umoja wa ukoo. Majedwali hayo ni ya biashara ya zama zetu. Wachoraji wa kale hawakutuachia maandishi yanayofasiri fundo moja moja, na asiyejua zaidi ya walivyotuambia wenyewe ni bora anyamaze kuliko kuwatilia maneno vinywani. Mtu akitaka kumchorea mchumba wake fundo na kuliita la mapenzi, hiyo ni hiari yake na ni hiba njema. Asidai tu kwamba watawa wa Iona ndio waliomfundisha.

Vyombo vya kazi havigharimu fedha nyingi. Daftari la hesabu lenye miraba latosha kwa miezi ya mwanzo, na kama miraba yake ni midogo, mwanagenzi aihesabu miwili miwili hadi kila mraba wa kazi uwe na upana wa sentimita moja, kwa maana mafundo madogo huficha makosa na humchosha mgeni wa fani. Penseli ziwe mbili: moja ngumu iachayo alama hafifu, kwa ajili ya mistari ya kusaidia itakayofutwa, na nyingine laini kwa ajili ya kanda zenyewe. Rula, kifutio kisichochafua karatasi, bikari kwa siku za mbele, na kalamu nyeusi ya wino usiochuruzika. Zaidi ya hapo ni anasa. Mtu asione haya kutegemea miraba. Nyuma ya kurasa za nakshi katika Injili za Lindisfarne bado kuna matundu yaliyotobolewa kwa ncha ya bikari na mistari hafifu ya miraba, ushahidi kwamba hata yule askofu hakuyachora mambo hayo kwa kukisia.

Sasa tuingie katika kazi. Aliyekulia pwani na kumwona bibi akisuka ukili anajua tayari nusu ya elimu hii, kwa sababu sheria ya ukili na sheria ya nakshi za watawa ni moja: kila uchane hupita juu ya wa kwanza na chini ya wa pili, na ufikapo ukingoni haukatwi bali hukunjwa ukarudi ndani kwa mshazari ule ule. Anayechora hana ukindu, ana mistari. Lakini akiwa na mashaka yoyote kuhusu njia ya ukanda, na ajiulize uchane ungekwenda wapi, jibu atalipata.

Chora mstatili wenye upana wa miraba sita na kimo cha miraba minne. Uite mstari wa kushoto kabisa sufuri, unaoufuata moja, halafu mbili, mpaka sita. Kadhalika mstari wa chini kabisa uite sufuri, na ya juu yake moja, mbili, tatu, nne. Mahali popote mistari miwili yenye namba shufwa inapokutana, mathalani mbili kwa mbili au nne kwa sufuri, tia nukta nyeusi. Na popote mistari miwili yenye namba witiri inapokutana, kama moja kwa moja au tatu kwa moja, tia nukta nyekundu. Makutano yaliyobaki ndani ya mstatili, yaani yale ya shufwa kwa witiri, usiyatie kitu: hizo ndizo njia panda, nazo katika mstatili huu ni saba, mbili katika safu ya chini, tatu katika safu ya kati, mbili katika safu ya juu. Zihesabu kabla ya kuendelea. Zikiwa nane au sita, nukta zako zimekaa pasipo pake, na ni nafuu kufuta sasa kuliko baada ya saa nzima ya juhudi.

Weka penseli katika ukingo wa chini, kwenye mstari ulioitwa moja, upande kwa mshazari kuelekea kulia, ukikata kila mraba kutoka pembe hadi pembe, mpaka ugonge ukingo wa juu. Hapo geuka, ushuke kwa mshazari mpaka ugonge ukingo wa kulia, geuka tena, na uendelee hivyo bila kuinua mkono. Mstari wako hautagusa nukta hata moja, wala nyeusi wala nyekundu, bali utapita katikati yake. Na baada ya kugonga kingo mara kumi utajikuta pale pale ulipoanzia, huku kila njia panda ikiwa imepitiwa mara mbili. Umechora msuko wa uzi mmoja usio na ncha. Hauna uzuri wa kumwonyesha mgeni, lakini kila kitu kitakachofuata kimo ndani yake.

Hapa pana jambo ambalo lingepaswa kufundishwa shuleni, kwani ni mahali pachache mno ambapo hesabu za darasani hugeuka kuwa pambo mbele ya macho ya mtoto. Gawanya upana na kimo cha mstatili wako kwa mbili: sita hutoa tatu, nne hutoa mbili. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, na jibu utakalopata ndiyo idadi ya nyuzi zitakazohitajika kuujaza mstatili wote. Tatu na mbili hazishirikiani ila kwa moja, kwa hiyo uzi ni mmoja. Mstatili wa miraba minane kwa minne hutoa nne na mbili, nazo hushirikiana kwa mbili, basi nyuzi ni mbili zilizosukana. Miraba kumi na miwili kwa sita hutoa nyuzi tatu. Na umbo lenye pande sawa, liwe sita kwa sita au kumi kwa kumi, likiachwa na msuko mtupu haliwezi kamwe kutoa uzi mmoja, jambo ambalo limewatesa wengi waliolichagua kwa kudhani kwamba usawa wa pande ungewarahisishia kazi.

Na sheria hii haina kabila. Wachokwe wa Angola, wa Zambia na wa kusini mwa Kongo wana fani ya kale ya kuchora mchangani, iitwayo sona, ambayo mzee hutia safu za nukta kwa ncha za vidole, kisha akazungusha mstari mmoja baina yake huku akisimulia hadithi, na huonekana hodari akiumaliza bila kusita. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi yake Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, aliichunguza michoro hiyo kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba katika ile iliyosukwa kama mkeka idadi ya mistari hutegemea kigawo kikubwa cha shirika cha safu za nukta za kwenda juu na za kwenda upande, sawasawa na ilivyo katika mistatili yetu. Watawa wa Iona na wazee wa Kichokwe hawakupata kuonana. Anayesoma makala haya Lubumbashi au Kolwezi, basi, asidhani anajifunza jambo la ugenini mtupu. Huenda mwalimu bora zaidi yuko jirani naye.

Sasa tuje kwenye kuvunja. Tazama njia panda yoyote ya mstatili wako: utaona kwamba imezungukwa na nukta nne, mbili nyeusi zinazokabiliana na mbili nyekundu zinazokabiliana. Unganisha zile nyeusi mbili kwa mstari mfupi wa rula, au zile nyekundu mbili, lakini usiunganishe zote. Mstari huo ni ukuta, na nyuzi zilizokuwa zikikatana hapo sasa hugonga ukuta na kurudi kila mmoja upande wake, kama zinavyofanya ukingoni. Jaribu kwanza katika njia panda ya katikati kabisa ya mstatili wa sita kwa nne. Ukiunganisha nukta nyekundu mbili, ya juu na ya chini, msuko utagawanyika katika mafundo mawili yanayotazamana, kila moja lina njia panda tatu, nayo yataunganishwa na ukanda mmoja unaopita juu na chini ya ukuta. Na ukiandama kwa kidole utaona kwamba uzi bado ni mmoja. Futa ukuta huo, uunganishe badala yake nukta nyeusi mbili, ya kushoto na ya kulia: sura itabadilika kabisa, na uzi mmoja utakuwa nyuzi mbili. Ukuta mmoja tu, katika njia panda ile ile, umezaa nakshi mbili mbalimbali. Ndipo mtu huanza kuelewa jinsi watawa walivyoweza kuzijaza kurasa bila ya kujirudia.

Kanuni ya kuta ni fupi na yafaa kuhifadhiwa moyoni. Ukijenga ukuta mahali ambapo nyuzi mbili tofauti hukutana, nyuzi hizo huwa moja, kwa vyovyote utakavyoulaza ukuta wako. Ukiujenga mahali ambapo uzi mmoja hujikata wenyewe, basi kwa namna moja ya kuulaza uzi hugawanyika, na kwa namna ya pili hubaki mmoja. Kwa elimu hiyo, yule aliyechagua mraba wa sita kwa sita na kupata nyuzi tatu anaweza kuzifanya moja kwa kuta mbili tu zilizowekwa kwa akili: ya kwanza pale nyuzi mbili zinapokutana, na ya pili pale uzi uliozaliwa unapokutana na ule uliobaki. Asijenge kuta pande zote za nukta moja, maana atakuwa amefungia pete ndogo isiyosukana na kitu. Wala asizitawanye kuta ovyo. Fundo hupendeza kuta zake zikiwa na mpango: za kushoto zikijibiwa na za kulia, au zikijirudia kila baada ya idadi fulani ya miraba, na ukuta mmoja pweke pembeni huonekana kama ajali hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu fani hii.

John Romilly Allen, mtafiti aliyepima mawe ya kale ya Uskoti mamia kwa mamia, ndiye aliyeeleza kwa uwazi mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mafundo haya yametokana na msuko uliovunjwa kwa vipimo, na kwamba karibu mapambo yote ya kanda za Kikelti yamejengwa juu ya mafundo manane tu ya msingi. Kitabu chake cha mwaka 1904 bado chafaa, ingawa lugha yake ni kavu. Baada yake George Bain, mwalimu wa uchoraji katika shule ya Kirkcaldy huko Uskoti, alitoa mwaka 1951 kitabu cha kufundisha hatua kwa hatua, ambacho kimewatoa gizani watu wengi kuliko kingine chochote. Mwenye kukipata na akinunue. Lakini ashauriwe kwamba Bain huruka hatua pale anapodhani mwanafunzi amekwisha elewa, na wakati mwingine mwanafunzi hajaelewa.

Jambo la juu na chini huwatia watu fadhaa isiyo na sababu. Wengi huandama uzi kwa kidole wakinong'ona juu, chini, juu, chini, na njia hiyo ni sahihi, ila ni ndefu, tena mtu akiitwa mlangoni hupoteza hesabu. Iko njia fupi. Katika safu ya kwanza ya njia panda kutoka chini, kila ukanda unaopanda kuelekea kulia upite juu. Katika safu ya pili, unaopanda kuelekea kushoto ndio upite juu. Safu ya tatu irejee amri ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kuta haziharibu mpango huu hata kidogo, kwa hiyo mchoraji anaweza kutia alama safu baada ya safu bila kujali uzi umetoka wapi. Tena ni vema ajue kwamba katika mchoro wowote wa nyuzi zisizo na ncha, zinazokatana mbili mbili, utaratibu wa juu na chini hauwezi kugoma. Akifika mahali ambapo ukanda unalazimika kupita juu mara mbili mfululizo, asijaribu kuficha kwa wino. Ameruka njia panda, au amechora mbili pasipo na moja, na kosa liko karibu.

Tumekuwa tukichora mstari mmoja ambao ni kiini cha ukanda, na sasa huo hauna budi kunenepa. Kwa miraba ya sentimita moja, nafasi baina ya viini viwili vinavyokwenda sambamba ni karibu milimita 14. Basi ukanda wa milimita 8 huacha milimita 6 za uwanja, na uwiano huo hupendeza. Chora mstari kila upande wa kiini kwa umbali ulio sawa, ukiusimamisha kila ukanda unapopita chini, kisha ufute kiini. Hapa ndipo mkono huanza kujaribiwa. Mageuko ya kingoni yawe ya mviringo, yakipinda ndani kidogo ya mpaka ili unene wa ukanda usitoke nje. Lakini katika pembe nne za mstatili acha ncha kali ielekee kwenye pembe yenyewe, kama walivyofanya wa kale, kwani pembe iliyoviringwa hulifanya fundo lote lionekane linaserereka. Kwenye kuta, kanda mbili zinazotengana zikaribiane bila kugusana.

Namna ya haraka ya kuinua kazi dhaifu ni kuujaza uwanja wino mweusi na kuziacha kanda nyeupe. Wengi husita kufanya hivyo kwa kuogopa kuharibu, na michoro yao hubaki imepauka. Jaza kuanzia katikati ya kila kijumba kuelekea kingoni, kwa kalamu nyembamba, na usiguse mstari wa ukanda mpaka mwisho. Rangi zije baadaye, nazo ziwe chache. Watawa walikuwa na wino mweusi wa chuma na uvimbe wa mialoni, wekundu wa risasi, njano ya jiwe lenye sumu, kijani cha shaba, na buluu ya jani linalotoa nili; wakafanya maajabu kwa hizo. Mwanagenzi mwenye sanduku la rangi 48 yumo katika hatari kubwa kuliko waliokuwa nazo tano tu. Rangi moja kwa kila uzi ni shauri jema pale nyuzi zinapokuwa mbili au tatu, kwa kuwa jicho hupata kuziandama. Uzi ukiwa mmoja, uache na rangi moja.

Kuhusu kunakili kazi za mabingwa, ambako nimekukataza mwanzoni, sasa kumehalalika. Chukua picha iliyo wazi ya jiwe la Uskoti au ya msalaba wa Monasterboice huko Ayalandi, weka juu yake karatasi angavu ya kunakilia, na usichore ukanda hata mmoja: tia nukta katika kila njia panda. Nukta hizo zitajipanga zenyewe katika safu, na katika safu hizo patakuwa na mapengo. Kila pengo ni ukuta. Ukikwisha kuzijua kuta umelijua fundo, unaweza kufunga kitabu na kulichora kwa kipimo chochote utakacho. Tena utakuta mara kwa mara kwamba nakshi iliyokutia hofu ina kuta nne au sita tu, zikijirudia. Kurasa za Kells nazishauri ziachwe mpaka baadaye, kwa sababu humo kanda zimechanganywa na ndege, paka na watu wanaovutana ndevu, na gridi imepindwa kwa namna ambayo humkatisha tamaa asiyezoea.

Fremu ya kuzungushia picha au shairi haihitaji elimu mpya. Chora mstatili mkubwa, weka nukta zako kama kawaida, kisha jenga kuta mfululizo kutoka nukta nyeusi hadi nukta nyeusi kuizunguka nafasi ya katikati unayotaka iwe tupu. Ukingo wa ndani wa fremu si kitu ila ukuta mrefu. Upana wa miraba minne kwa kila upande unatosha. Kigawo cha shirika hakitakusaidia hapa, kwa hiyo andama nyuzi kwa kidole, na kama ni nyingi kuliko upendavyo, ziunganishe kwa kuta, ukizipanga katika pembe nne ili zilingane.

Duara ndiyo inayofuata, nayo huvutia watu kuliko umbo lingine. Kwa bikari chora duara nne zenye kiini kimoja, nusukipenyo zake zikiwa milimita 24, 36, 54 na 81, yaani kila moja ikiizidi ya ndani yake kwa nusu. Bila ya kuongezeka huko vijumba vya nje vitavutika upana na vya ndani vitabanwa. Gawanya duara katika sehemu 16 kwa kuikata nusu, kisha nusu ya nusu, mara nne, na uvute mistari kutoka kwenye kiini. Ukanda uanzie katika duara ya ndani kwenye mstari wa kwanza, upande kwa mshazari, ugeuke katika duara ya nje kwenye mstari wa nne, urudi ndani kwenye wa saba, na hivyo hivyo. Utageuka mara nane nje na mara nane ndani. Na kwa kuwa vijumba kati ya kingo ni vitatu na mageuko ya nje ni manane, namba zisizoshirikiana ila kwa moja, uzi utakuwa mmoja, wenye njia panda 16 katika pete mbili. Pete ya ndani ifuate amri moja ya juu na chini, ya nje ifuate kinyume chake. Anza kwa penseli ngumu, na kuta usitie hata moja mpaka pete hiyo tupu imekutii.